Inchi Moja ya Ndani

 

Wiki mbili nyuma alikuja mwari mmoja na mama yake kuchukua gauni la harusi. Kalijaribu, limemkaa sawasawa, mama mtu kapiga kigelegele palepale kibandani mpaka fundi saa wa jirani akachungulia kuona kuna nini. Nikalipiga pasi. Kabla sijalitia kwenye mfuko, yule mwari akalichukua, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Kisha akanitazama.

"Dada, mbona humu ndani kumebaki kitambaa kingi hivi? Hukumaliza kukata?"

Mama yake akamkonyeza anyamaze, aliona kama mtoto anamtia fundi aibu. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo ni akiba yako, mdogo wangu." Akaniuliza, "Akiba ya nini?" Watu walikuwa wananisubiri, nikamjibu kwa mkato tu, "Ya siku usiyoijua." Wakalipa, wakaenda zao.

Lakini lile swali halikuondoka nao. Nilifunga kibanda nalo, nikapika nalo, nikalala nalo. Kwa sababu kile kitambaa cha ndani, ambacho ni upana wa dole gumba tu, mimi kimenigharimu mambo makubwa kukijua. Leo nataka nimjibu yule mwari vizuri, na nikujibuni nyote.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi tunavaa nguo bila kujua zimekaaje. Fundi akishakupima, huchora kwenye kitambaa kwa chaki. Ule mstari wa chaki ndio kipimo chako, ndipo sindano itakapopita. Mkasi haupiti hapo. Mkasi unapita nje ya mstari, ukaacha kipande pembeni ambacho, nguo ikishashonwa, kinabaki ndani, hakionekani. Mwalimu aliyenifundisha cherahani alikuwa akikiita akiba, na mimi sijapata jina zuri zaidi ya hilo. Kwenye ubavu wa gauni alitutaka tuache inchi moja kamili. Mkiwa mnapenda hesabu, hesabuni: gauni lina mishono miwili ya ubavuni, kila mshono una kingo mbili, jumla kingo 4. Kila ukingo ukiutolea nusu inchi, gauni limetanuka inchi 2 nzima, na nusu inchi bado imebaki ndani kushikilia mshono. Inchi 2 ndiyo tofauti ya mwari na mama aliyeshazaa mtoto wake wa kwanza. Ndiyo tofauti ya gauni linalovaliwa miaka kumi na gauni linalogaiwa baada ya mwaka mmoja.

Wakati nasoma, nilikuwa naona ni upotevu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na haraka ya kupata pesa, nikaingia kozi ya ushonaji, na kila nikimwona mwalimu anaacha inchi yake nilisema moyoni, huyu mama ana vitambaa vya kuchezea. Nikafungua kibanda changu na akili hiyo hiyo.

Sasa nitasema jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Nalisema kwa sababu nimeshalitubia, na mwenye haki yake ameshanisamehe.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, mwari mmoja aliniletea satini nyeupe aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati. Ilikuwa nzito, inang'ara kama maziwa, huku kwetu hata Darajani uzunguke mchana kutwa hupati mfano wake. Nikampima. Nikakaa na mkasi wangu nikaanza kupiga hesabu, lakini haikuwa hesabu yake. Nilitazama nikaona, nikikata karibu kabisa na chaki, nikabana hapa na pale, kitabaki kipande cha kutosha gauni la mtoto mdogo. Nikabana. Gauni la mtoto nikalishona usiku, nikaliuza. Wasichana wa kozi tulikuwa tukifanyiana utani, tunasema fundi asiyebakisha kitambaa cha mteja si fundi. Ule haukuwa utani. Ule ulikuwa ni wizi wa amana uliovalishwa kicheko.

Siku ya harusi, saa ya kuvishwa, zipu haikupanda. Vidole viwili tu vilipungua. Nikaitwa. Nikafika mbio na sanduku langu la uzi, nikaligeuza gauni ndani nje mbele ya mashangazi zake wote, na humo ndani hamkuwa na kitu. Nilikuwa nimekata mpaka mlangoni. Ningekuwa na kile kipande nilichokiuza, ningetia mapande mawili ubavuni na hakuna ambaye angejua. Sikuwa nacho. Tukafungua zipu nzima, tukatoboa matundu, tukapitisha kamba mgongoni kama kiatu, na juu yake tukamfunika shela. Weupe wa kamba na weupe wa satini haukulingana.

Na katika fadhaa ile, ili nisionekane mimi ndiye mwenye kosa, nilimwambia mwari mbele za watu, "Umenenepa tangu nilipokupima."

Yule binti alilia mpaka wanja ukateremka.

Ilinichukua miezi kupata moyo wa kumfuata nyumbani kwake. Nilimrudishia ujira wangu wote, nikamwambia habari ya kile kipande, nikamtaka radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Fundi, gauni lishapita. Hata kitambaa nimekusamehe. Lililoniuma ni kule kuniambia nimenenepa." Nikaondoka pale nikiwa nimefahamu kwamba nilimkata mara mbili. Mara ya kwanza kwa mkasi, na mara ya pili kwa ulimi, na mara zote mbili sikuacha hata uzi wa ziada.

Tangu siku hiyo naacha inchi yangu. Na kipande kinachobaki namfungia mwenyewe ndani ya gauni lake.

Mngedhani nimejifunza. Kwenye nguo nilijifunza. Nyumbani sikujifunza kitu.

Niliolewa nikiwa na umri wa miaka 25, na mtu mzuri. Nasema mtu mzuri na leo hatumo pamoja, na maneno yote mawili ni kweli. Ndoa yetu ilichukua miaka mitatu. Nikitafuta kosa moja kubwa la kukuelezeni, sina. Hapakuwa na mke mwengine, hapakuwa na kipigo, hapakuwa na ulevi. Kilichokuwapo ni chaki. Mimi nilikuwa na mstari wangu na yeye alikuwa na wake, na kila mmoja alikata juu ya mstari. Kachelewa nusu saa, nimehesabu. Nimesahau kumwekea chai kwenye chupa, kahesabu. Kampelekea mama yake samaki, nauliza wangu wa mama yangu uko wapi. Nimenunua doti ya kanga kwa pesa zangu, kauliza mbona hukuniambia. Hakuna lililokuwa dhuluma. Kila mmoja wetu angesimama mbele ya kadhi angeweza kuonyesha kwamba hakuvuka mpaka wa haki yake. Tulikuwa watu wa haki tupu.

Halafu ikaja siku nguo ikabidi itanuke. Biashara yake iliyumba, na wakati huo huo mimi nilikuwa nalea mtoto mchanga. Maisha yakatutaka inchi 2. Tukageuza ndani nje, hamna kitu. Usiku mmoja nikamwambia neno juu ya mama yake, neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Naye akanijibu kwa neno ambalo mnalijua, linalotamkwa mara moja likamaliza miaka mitatu.

Mashoga zangu, lugha yetu ina usemi ambao tunausema kila siku bila kuusikia. Mtu akiropoka tunamwambia, weka akiba ya maneno. Wazee hawakusema usizungumze. Hawakusema meza yote, ufe nayo. Walisema weka akiba, yaani sema lakini bakisha, kwa sababu kesho utayahitaji yale uliyoyabakisha. Mimi nilikuwa nikiweka akiba kwenye satini ya watu na nikayatoa maneno yangu yote mpaka la mwisho.

Kuna watakaosema, fundi, unakuza mambo, kitambaa ni kitambaa na ndoa ni ndoa. Nawaelewa. Lakini mimi naona tumezoea kudhani kwamba hekima iko kwenye mambo makubwa tu, kwenye mihadhara, kwenye vitabu vizito, kwa watu waliosoma sana. Sisi tulioishia kidato cha nne tunasikiliza tu na kuitikia. Na Qur-ani yenyewe haikufanya hivyo. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba haoni haya kupiga mfano hata wa mbu. Kuna sura ya Nyuki, kuna sura ya Buibui, kuna sura ya Sisimizi. Katika hiyo hiyo Sura ya Nyuki tumekatazwa tusiwe kama mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua mwenyewe. Aya ile inazungumzia kuvunja viapo na ahadi, na mfano uliochaguliwa ni kazi ya mikono ya mwanamke, uzi. Nilipoisikia ikisherehewa darasani kwetu nilishtuka, nikaona kama nimeitwa kwa jina. Ikiwa Muumba wa mbingu hakuona haya ya mbu na uzi, nani mimi nione haya ya kujifunza kwa inchi moja ya satini?

Na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipoulizwa Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na akitengeneza viatu vyake. Hakutaja jambo kubwa la ajabu. Alitaja sindano. Kila nikishika ya kwangu nakumbuka hilo na moyo unatulia.

Sasa nirudi kwenye nguo na ndoa, kwa sababu si mimi niliyeziunganisha. Sote tunaijua aya ya 187 ya Suratul Baqara, ambapo mume na mke wamefananishwa na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Inasomwa kila harusi, imeandikwa mpaka kwenye kadi za mwaliko. Masheikh wanaisherehesha kwa sitara, kwa pambo, kwa joto la kulindana, na yote ni kweli. Mimi kama fundi naomba niongeze kidogo tu, si tafsiri, ni uzoefu wa kazi: hakuna vazi lililokatwa juu ya chaki likadumu. Hata kama kipimo kilikuwa sahihi siku ya kupimwa, mwili haukai palepale. Unanenepa, unakonda, unazaa, unaugua, unazeeka. Vazi lisilo na akiba linakufaa kwa siku moja tu, nayo ni ile uliyopimwa.

Ipo na aya nyengine ndani ya sura hiyo hiyo, haiandikwi kwenye kadi za harusi kwa sababu inazungumzia talaka. Ni aya ya 237. Imetaja mahari ya mwanamke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa, ikapiga hesabu wazi: ni nusu. Haki imeshapatikana hapo, mstari wa chaki umeshachorwa. Lakini aya haikuishia hapo. Imetaja kusamehe, kisha ikatuusia tusisahau fadhila baina yetu. Mimi nilifika aya ile baada ya eda yangu kwisha, nikaifunika Qur-ani nikalia. Watu wawili wanaachana, hesabu imeshatoka, na bado Mwenyezi Mungu anawaambia waache kitu nje ya mstari. Haki ni chaki. Fadhila ni ile inchi.

Ikiwa wanaoachana wametakiwa inchi, je wanaooana?

Na hapa ndipo nataka niseme nanyi wari, kwa mapenzi. Mimi nakaa kibandani, harusi zote zinapita mikononi mwangu kabla hazijafika ukumbini. Ninachokiona siku hizi ni harusi zilizokatwa juu ya chaki. Pesa imepangwa mpaka shilingi ya mwisho: ukumbi, pambo, mpiga picha, keki, sare za mashoga, gari. Pesa ya kikoba imeingia humo, na bado kuna deni la mpambaji. Mwari anaingia nyumba yake na mumewe, wiki baada ya fungate wanaamka hawana pesa ya gesi, na ugomvi wao wa kwanza unakuwa juu ya keki ambayo wameshaila wageni. Muda nao umekatwa hivyo hivyo. Hina saa hii, singo saa hii, picha saa hii, hata dakika ya kukaa na mama yako ukaagana naye hakuna. Nimewaona wari wanafika kwangu kujaribu gauni wamechoka mpaka hawajui wanaolewa au wanafanya mtihani.

Sisemi msifurahi. Mimi naishi kwa furaha zenu, mkiacha kushona nitakula nini? Nasema bakisheni. Punguza ghorofa moja ya keki, weka pesa hiyo mahali usipopaona. Ondoa jambo moja kwenye ratiba, ukae saa moja na mama yako bila simu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, kila akipima mchele alikuwa akiongeza konzi moja baada ya kumaliza kupima. Tukimuuliza ya nani anasema, ya mgeni ambaye hajaondoka kwao. Siku nyingi mgeni hakuja. Tulikula wenyewe kiporo asubuhi na chai, na hatukupata hasara. Siku mgeni alipokuja, hakuna aliyetazamana na mwenziwe.

Najua pia baadhi yenu mnachokifikiria sasa hivi, kwa sababu na mimi nilikifikiria. Mnasema, haya yale yale, mwanamke ndiye anaambiwa avumilie, mwanamke ndiye aache akiba, mwanamme anakata anavyotaka. Swali hili ni la haki, na jibu lake liko kwenye mshono wenyewe. Mshono una kingo mbili. Ukiacha akiba ukingo mmoja tu, mwengine ukaukata juu ya chaki, siku ya kutanua gauni litavuta upande. Utalivaa, lakini litakuwa limepinda, na kila hatua unalirudisha kwa mkono. Ndoa ambayo mmoja tu ndiye mwenye kubakisha nayo hupinda hivyo hivyo. Kwa hiyo, dada yangu, ukiwa bado unachumbiwa, usimtazame mtu kwa kile anachokupa tu, mtazame anachobakisha. Akikasirika, anasema yote? Akikosewa na mdogo wake, anamwachia nafasi ya kurudi? Akimdai mtu, anamdai vipi? Huko ndiko kumgeuza ndani nje, na hakuhitaji kuwa naye faragha. Waulize walioishi naye, ndugu zako wawaulize walioshirikiana naye kazi.

Tena msichanganye mshono na kitambaa. Mshono ukibana, akiba itakusaidia. Kitambaa chenyewe kikichanika, akiba haina kazi. Mtu anayekupiga, anayekutia hofu, anayekula mali yako, huyo hakuhitaji inchi yako. Huyo anachana. Pale tafuta wazee, nenda kwa kadhi, rudi kwenu ukasalimike, na usimruhusu mtu yeyote akwambie kuwa hukuacha akiba ya kutosha. Kuacha akiba ni kwa nguo nzima.

Na hata kwenye nguo nzima, akiba haiachwi sawa kila mahali. Hili mafundi wachanga huchelewa kulijua. Ubavuni acha inchi, kwa sababu huko ndiko mwili unakobadilika. Kwenye shingo na kwenye shimo la mkono acha kidogo sana, tena ukipige mkasi mdogo mdogo, kwa sababu hapo kitambaa kikizidi hujikunja, kikachoma, kikavimba kwapani. Kuna mambo ndani ya nyumba ambayo ni kama shingo ya gauni. Sala haina inchi ya kesho. Amana haina inchi. Siri za ndani hazina inchi ya kumbakishia shoga. Hapo kata karibu na mstari na ushone imara. Mambo ya ubavuni ndiyo ya kuachia: chakula kimechelewa, mtu kasahau, mavyaa kasema neno, mume karudi kanuna na wewe huna kosa. Hekima, kwa ninavyoiona mimi, nusu yake ni kujua upo wapi kwenye gauni.

Niseme na jambo la mwisho la kazi, ambalo halifurahishi lakini ni kweli. Ukifumua mshono wa kanga au wa pamba, ukafua mara mbili, matundu ya sindano yanaziba. Ukifumua wa satini, yale matundu yanabaki. Gauni litatanuka, litavalika, lakini anayekaa karibu atauona mstari wa zamani. Mimi na baba wa mwanangu hatukurudiana. Lakini tumejifunza kutoleana inchi, japokuwa tumechelewa. Kanzu ya Idi ya mtoto naishona mimi, viatu ananunua yeye, na hatuulizani nani katoa zaidi. Mwezi wa Ramadhani mwanangu anampelekea bibi yake kaimati zangu, anarudi na bakuli limejaa tende. Alama za sindano zipo, wanaotujua wanaziona. Nguo inavalika.

Basi, mwari wangu, wewe uliyeniuliza akiba ya nini, jibu langu ni hili. Ni ya siku utakapokuwa na mtoto kiunoni na bado ukatamani kulivaa gauni lako. Ni ya mdogo wako, au binti yako, ambaye mwili wake si kama wako. Ni ushahidi pia kwamba fundi wako hakukuibia. Umefanya vizuri kuligeuza, na mama yako asikukonyeze tena. Kila mwenye kuchukua nguo kwa fundi na aigeuze ndani nje kabla hajalipa, kwa sababu huko ndani ndiko fundi anakofanya kazi akiwa hana wa kumwona ila Mola wake.

Na ukimaliza kuligeuza gauni, ukipata nafasi usiku kabla hujalala, jigeuze na wewe. Leo umesema mangapi, na umebakisha mangapi? Si lazima iwe mengi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo. Inchi moja kwa siku inatosha.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu, awape wari wetu waume wenye kubakisha, nao wawe wenye kubakisha, na atusamehe sisi tuliojua tumechelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mkija kibandani, karibuni. Chai ipo, na kikombe kimoja cha ziada hakikosi.